Mzigo wa Kitabu: Vitabu Adimu vya Safari, Wapagazi, na Historia ya Nathari ya Kiswahili Mpakani Busia na Malaba

Utangulizi

Mkusanyaji wa vitabu vikuukuu ana maswali ambayo huyauliza kabla hajatia mkono mfukoni. Huuliza kitabu ni toleo la ngapi. Huuliza kama ramani imo, kama picha zote zimo mahali pake, na kama jalada ni lile lililotoka nalo kwa mchapishaji. Huko Marekani maswali haya yamekwisha kuwa taaluma kamili, na kitabu ambacho mara nyingi hutolewa kuwa mfano wake ni kile cha safari za William Bartram, kilichochapwa Philadelphia mwaka 1791. Bartram alikuwa mtafiti wa maumbile, mzaliwa wa Pennsylvania ilipokuwa bado koloni la Kiingereza, naye alizunguka Carolina, Georgia na Florida miaka ya 1770 akikusanya mimea na kuchora ndege. Nakala ya toleo la kwanza iliyo kamili yapaswa kuwa na ramani ya pwani ya Florida na picha ya Mico Chlucco, kiongozi wa Waseminole. Ikikosa mojawapo, thamani yake hushuka.

Katika kitabu hicho limo jambo ambalo bei haiwezi kulipima. Kiongozi mmoja wa Waseminole alimpa Bartram jina la Puc Puggy, yaani mwinda maua. Jina hili ni tungo fupi ya kiongozi huyo. Ni yeye aliyemtazama mgeni akiokota maua msituni, akampima, kisha akamfupisha kwa maneno mawili. Bartram aliandika kitabu kizima juu ya nchi ya wenyeji. Mwenyeji naye alimwandika Bartram kwa jina moja, na jina hilo limehifadhika kwa kuwa tu limo ndani ya kitabu cha Bartram.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali hilohilo kuhusu vitabu vya safari vilivyoandikwa na wageni, aghalabu wataalamu wa maumbile au watu waliofuatana nao, juu ya nchi ambayo leo imepakana na Uganda pale Busia na Malaba. Tunadai kwamba vitabu hivi, vinavyotafutwa na wakusanyaji kwa ajili ya ramani na picha zake, ni ushahidi wa historia ya nathari ya Kiswahili ambao idara zetu zimeupuuza. Tunadai pia kwamba tusipovikusanya sisi kwa ajili ya kuvisoma, vitaendelea kukusanywa na wengine kwa sababu nyingine, na kilichomo ndani yake kitatupotea.

Vitabu na njia yake

Ni vema kuanza na njia, kwa kuwa vitabu hivi vilizaliwa njiani. Njia ya kaskazini ya misafara ya pwani ilitoka Mombasa na Pangani, ikapita nchi ya Wamasai na Baringo, hatimaye ikafika kwa Sundu. Hapo ndipo Mumias ya leo, mwendo mfupi tu kutoka mpakani. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia hii kabla ya Mzungu yeyote kuiandika. Mnamo mwaka 1870, mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe alichapisha katika jarida la Shirika la Kifalme la Jiografia la London maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Hakuwa amezipita yeye. Maelezo mengi alipewa na Sadi bin Ahedi, mtu wa sehemu za Gazi katika Udigo, na jina la Sadi limo katika kichwa chenyewe cha makala hayo. Basi miaka 13 kabla ya safari ya Joseph Thomson, maarifa ya njia za bara yalikuwa yamekwisha kusimuliwa na msafiri wa pwani na kuchapwa kwa Kiingereza.

Thomson, Mskoti aliyesomea jiolojia, aliondoka pwani mwaka 1883, akapita kwa Sundu, na mnamo Desemba mwaka huohuo akafika ufuo wa Ziwa Viktoria. Kitabu chake juu ya safari hiyo, Through Masai Land, kilitoka London mwaka 1885. Msafara wake ulimtegemea Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyeijua njia, na mnyapara wake alikuwa Manwa Sera, ambaye hapo nyuma alikuwa amemtumikia Stanley.

Miaka miwili baadaye Askofu James Hannington aliifuata njia hiyo. Aliwaacha watu wake wengi kwa Sundu chini ya Kasisi William Jones, akaendelea na watu wapatao 50 kuelekea Busoga, akipita nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Busia ya Kenya na Busia ya Uganda. Aliuawa Oktoba 29, 1885. Shajara zake za mwisho zilichapwa London mwaka 1888. Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko India, naye aliandika shajara ya safari hiyo, kisha akawarudisha watu waliosalia hadi Rabai mapema mwaka 1886. Wakusanyaji wengi wanalijua jina la Hannington. Jina la Jones hutajwa mara chache.

Kisha akaja Frederick Jackson, mpenzi wa ndege, aliyeongoza msafara wa kampuni ya Waingereza mwaka 1889 hadi Mumias na Mlima Elgon. Alikuja kuwa Gavana wa Uganda toka 1911 hadi 1918, na kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda kilichapwa kwa majuzuu matatu mwaka 1938, baada ya kifo chake. Harry Johnston, mchoraji na mtaalamu wa wanyama, alichapisha The Uganda Protectorate kwa majuzuu mawili mwaka 1902, kikiwa na picha zaidi ya 500. Mwaka huohuo C. W. Hobley alitoa Eastern Uganda, uchunguzi wake wa makabila ya nchi hiyo.

Wamarekani nao hawakukosekana. William Louis Abbott wa Philadelphia, mji uleule wa Bartram, alikusanya viumbe na vyombo vya wenyeji Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuvipeleka katika makumbusho ya taifa ya Marekani huko Washington. Theodore Roosevelt, mara tu alipoacha urais, alikuja na wataalamu wa Taasisi ya Smithsonian mwaka 1909, na msafara wake ukarudi na wanyama, ndege na samaki zaidi ya 11,000. Alikaribia nchi ya mpakani tunayoizungumzia, lakini hakuipitia kwa miguu: Desemba 1909 alipanda meli Kisumu akavuka ziwa hadi Entebbe. Kitabu chake, African Game Trails, kilitoka New York mwaka 1910, na toleo maalumu la nakala 500 zilizotiwa saini yake ndilo ambalo wakusanyaji hulisaka mpaka leo.

Mpaka uliohama na rafu za maktaba

Anayetaka kuvikusanya vitabu vinavyohusu Busia na Malaba ni lazima kwanza ajue kwamba mpaka wenyewe umehama. Hadi mwaka 1902, nchi yote hii ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo jimbo hilo liliondolewa Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mstari ulipopigwa, kwa sehemu ukifuata mito Sio na Malaba, Wasamia walijikuta pande zote mbili, na Wateso vilevile.

Kwa hiyo kitabu cha Hobley kinachoitwa Eastern Uganda kinazungumzia, kwa sehemu kubwa, watu wa magharibi mwa Kenya. Kitabu cha Johnston juu ya Uganda kina sura ndefu juu ya watu ambao wajukuu wao ni raia wa Kenya. Wakutubi huvipanga vitabu kwa majina yake. Katika mpango wa tarakimu wa Dewey, historia ya Uganda ni 967.61 na ya Kenya ni 967.62. Mpaka unaovukwa na malori usiku na mchana pale Malaba umekuwa, rafuni, tofauti ya tarakimu moja.

Hili si jambo la mzaha kwa mtafiti chipukizi. Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, mzaliwa wa vijiji vya karibu na Malaba, alisafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Nairobi kutafuta maandishi ya kale juu ya kwao. Alitafuta siku mbili katika rafu za Kenya asipate kitu. Siku ya tatu, mtumishi mmoja mzee wa maktaba alimwuliza, “Binti yangu, umetazama upande wa Uganda?” Alipotazama, aliyapata majuzuu yote mawili ya Johnston. Katika juzuu moja, kurasa zenye picha zilikuwa zimekatwa kwa wembe.

Kukatwa huko kuna sababu yake katika biashara. Katika soko la vitabu vikuukuu, kitabu chenye picha nyingi mara nyingine huwa na thamani kubwa zaidi kikivunjwa, kila picha ikauzwa peke yake ili itiwe katika fremu, kuliko kikiuzwa kizima. Picha za Johnston na wenzake zinawaonyesha watu wa nchi hii walivyopigwa picha na wageni mwanzoni mwa karne ya 20, wengine wakiwa uchi, na wengi bila kutajwa majina. Zikikatwa, hupoteza hata yale maelezo machache yaliyokuwa yamezizunguka: kijiji, kabila, mwaka. Kinachosalia ni pambo la ukuta. Mtu aliyepigwa picha Samia hageuki tu kuwa asiye na jina. Hugeuka kuwa asiye na mahali.

Waliobeba maktaba

Sasa tuyaingie matini yenyewe. Roosevelt alisafiri na maktaba yake. Vilikuwa vitabu vipatavyo 60, vikiwa vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na mvua, na vilitiwa katika kasha moja ambalo uzito wake haukuzidi ratili 60. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa bahati. Ratili 60, takribani kilo 27, ndio mzigo wa mpagazi mmoja. Kwa maneno mengine, ukubwa wa maktaba ya rais mstaafu wa Marekani uliamuliwa na shingo ya mpagazi wa Afrika Mashariki. Huyo ndiye aliyevibeba vitabu alivyovisoma mwandishi, na wenzake ndio waliobeba karatasi, chumvi ya kuhifadhia ngozi na masanduku ya vielelezo, vitu ambavyo bila ya hivyo kitabu cha 1910 kisingeandikwa.

Lakini wapagazi hawakubeba tu, walisema pia. Lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kimepenya katika kurasa za Kiingereza kwa njia tatu ambazo mhakiki anaweza kuzifuata.

Njia ya kwanza ni majina waliyopewa wageni. Roosevelt aandika kwamba watu wake walimwita “Bwana Makuba” na mwanawe Kermit “Bwana Merodadi”. Tahajia hizo ni za sikio la Mmarekani. Nyuma yake twamsikia bila shaka Bwana Mkubwa na Bwana Maridadi. Roosevelt ayapokea majina haya kuwa heshima na utani mwepesi. Mzungumzaji wa Kiswahili atasita kidogo. Kumwita kijana “maridadi” katikati ya vumbi, mizoga na ngozi zinazoanikwa ni sifa yenye kidole cha kejeli, na kejeli hiyo yategemea kwamba anayeitwa ataifurahia. Hapa pana utanzu tunaoufahamu vyema katika fasihi simulizi, majina ya kupanga, ambayo huficha tathmini chini ya adabu. Tathmini nyingine hazikujificha: Carl Peters, Mjerumani aliyepita Mumias mwaka 1890, alijulikana kwa jina la Mkono wa Damu.

Njia ya pili ni majina ya mahali. Thomson na wenzake waliandika “Kwa Sundu” kana kwamba ni jina kamili la mji, na ramani zao zikalibeba hivyo. Msomaji wa Kiswahili anaona mara moja kwamba “kwa” ni neno la mtu anayeelekeza njia: twaenda kwa Sundu, tutalala kwa Sundu. Ni kipande cha sentensi ya kirangozi kilichoganda katika ramani ya Kiingereza. Mumia alipomrithi Sundu, wenye misafara wakasema “kwa Mumia”. Waingereza waliigeuza kauli hiyo kwa kanuni ya lugha yao wakaandika “Mumia's”. Alama ikaanguka kwa mazoea, na leo twasema kwa Kiswahili “Mumias”, tukiwa tumelikopa tena neno letu likiwa na mkia wa Kiingereza. Historia ya mawasiliano kati ya lugha hizi mbili katika magharibi mwa Kenya imo katika herufi hiyo moja ya mwisho.

Njia ya tatu ni majina ya viumbe. Katika safari ileile ya 1883 Thomson aliwaona swala wadogo wa tambarare, na mwaka 1884 wakapewa jina lake katika elimu ya wanyama. Kiswahili cha leo chawaita swala tomi. Kinyume chake ni minde, mnyama wa misitu ya Kilimanjaro na milima jirani, ambaye Kiingereza kimempa jina la Abbott wa Philadelphia lakini Kiswahili kimemwachia jina lake. Kwa nini lugha ilimpokea Tomi ikamkataa Abbott? Yamkini jibu liko katika mtalii na mbuga: swala tomi hutajwa kila siku na waongozaji wa watalii, ilhali minde hujulikana na wakazi wa misitu. Kwa vyovyote vile, swali lenyewe ni la historia ya leksia yetu, na tarehe za kulijibia zimo katika vitabu hivi.

Pingamizi mbili

Nimepata kuyaeleza haya mbele ya wenzangu, na pingamizi zao mbili zinastahili kujibiwa kwa haki.

Ya kwanza yasema kwamba vitabu vya Kiingereza vilivyoandikwa na mawakala wa ukoloni si fasihi ya Kiswahili, na mahali pake ni idara ya Historia au ya Kiingereza. Tunayo, yaendelea pingamizi, nathari yetu ya safari: Safari za Wasuaheli iliyotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1901, yenye masimulizi ya akina Sleman bin Mwenye Chande na Selim bin Abakari, na tunayo tawasifu ya Tippu Tip. Kwa nini tumtafute Mswahili ndani ya Thomson ilhali yupo mwenyewe akizungumza?

Jibu letu ni kwamba yupo akizungumza upande mmoja tu. Velten alikuwa mtumishi wa serikali ya Kijerumani, na wasimulizi wake walikuwa watu wa himaya ya Kijerumani na njia zake. Tippu Tip asimulia Tabora, Ujiji na Manyema. Njia ya kaskazini, iliyopita kwa Sundu, haikupata Velten wake. Hakukuwa na mtu aliyekaa Mombasa akamwomba Jumbe Kimameta au Manwa Sera aandike safari yake. Fauka ya hayo, tukumbuke kwamba hata matini ya Velten yaliandikwa kwa ombi la Mzungu, yakapangwa naye na kuchapwa kwao. Tuliyakubali, hasa baada ya Lyndon Harries kuyarudisha mikononi mwa wasomaji mwaka 1965, kwa kuwa lugha ni yetu. Tofauti kati yake na maandishi ya njia ya kaskazini ni tofauti ya daraja: kule kauli ya msafiri imehifadhiwa kwa lugha yake, huku imehifadhiwa kwa vipande na kwa tafsiri.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Yasema kwamba tukianza kusikia sauti za wapagazi ndani ya vitabu vya mabwana zao, tutajisikia sisi wenyewe. Mhakiki mwenye hamu ataiona kejeli kila mahali, na ukimya utageuzwa kuwa hotuba. Nakubali kwamba hatari hii ipo, na huenda hata maelezo yangu ya “Bwana Maridadi” yamekaribia mpaka wake. Ndiyo maana napendekeza kwamba ushahidi upangwe kwa ngazi. Ngazi ya kwanza ni maneno ya Kiswahili yaliyonukuliwa na mwandishi, hata kwa tahajia mbovu. Ya pili ni mazungumzo yaliyotolewa kwa Kiingereza, ambapo yajulikana kwamba yalifanyika kwa Kiswahili. Thomson, kwa mfano, alikuwa amekwisha kujifunza lugha hii katika safari yake ya kwanza ya 1879 na 1880. Ya tatu ni habari ambazo mwandishi akiri kuzipata kwa mwenyeji, kama Wakefield alivyokiri kwa Sadi bin Ahedi. Nje ya ngazi hizo tatu, mhakiki na anyamaze. Ukimya wa mpagazi asiyetajwa ni jambo la kuandikwa kuwa ni ukimya.

Nani amekusanya, na kwa ajili ya nani

Ukusanyaji wa vitabu adimu si kazi ngeni Kenya. Maktaba ya Kumbukumbu ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, yabeba jina la William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis aliyelowea Kenya, ambaye shamba lake la Juja lilimpokea Roosevelt mwaka 1909. Maktaba hiyo ilijengwa kwa ajili ya Wazungu, na vitabu vyake vya Afrika havikuwa vya kusomwa na Waafrika hadi ilipokabidhiwa Baraza la Jiji mwaka 1962. Kwa muda wa miaka 30, basi, mtu wa Busia aliyeelezwa ndani ya kitabu hakuruhusiwa kukaa katika chumba kimoja na kitabu hicho.

Mfano wa pili ni wa namna nyingine. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, alitumia miaka mingi kukusanya vitabu, barua na sanaa za Afrika. Katika miaka ya 1970 aliiuzia Serikali ya Kenya hazina yake, ambayo wangekuwapo wageni wa kuinunua, na leo vitabu vyake zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900 vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi. Murumbi alilijua soko la vitabu adimu na alinunua humo kama wanunuzi wengine. Tofauti yake ni swali alilojiuliza juu ya mwisho wa makusanyo: vitabu hivi vitakaa wapi, na nani atavifungua?

Ni swali hilo ambalo nimelibeba kila nipitapo Busia. Miaka kadhaa iliyopita, kwa muuzaji wa mitumba aliyetandaza turubai si mbali na foleni ya malori, nilikuta chini ya vitabu vya shule nakala ya Through Masai Land, chapa ya 1968. Haikuwa adimu kwa kipimo cha mkusanyaji. Jalada lilikuwa limelegea, na mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kula pembe. Nilimwuliza mwenye mali kama anajua kitabu kinahusu nini. “Ni cha Wamasai, mwalimu,” alisema, akiuangalia mlango wa kitabu. Nikamfungulia kurasa za Kavirondo, nikamwonyesha jina la mto Nzoia na la Sundu. Alizitazama kwa muda, kisha akapandisha bei. Nililipa bila kunung'unika. Alikuwa mtu wa kwanza niliyekutana naye ambaye kitabu hicho kilimpandia thamani kwa sababu ya maneno yaliyomo, si kwa sababu ya ramani.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba vitabu vya safari vya wataalamu wa maumbile na wenzao juu ya nchi ya mpakani vina tabaka la Kiswahili linaloweza kutambuliwa, kupangwa na kusomwa bila kutia chumvi. Hatudai kwamba Thomson au Roosevelt ni waandishi wa Kiswahili. Twadai kwamba historia ya nathari yetu inayoanza na matini ya Velten, ikapita kwa James Mbotela na kitabu chake cha 1934 hadi riwaya ya kisasa, imeiacha njia nzima ya kaskazini nje ya ramani yake, na kwamba masalia ya njia hiyo yamo katika vitabu vinavyozidi kukatwakatwa.

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila kungoja fedha nyingi. Kwanza, idara za Kiswahili za pande zote mbili za mpaka zishirikiane kutengeneza faharasa ya majina ya watu, majina ya mahali na maneno ya Kiswahili yaliyomo katika vitabu vya safari vilivyochapwa kabla ya 1914. Kazi hiyo yafaa kabisa kugawiwa wanafunzi wa uzamili, kila mmoja na kitabu chake. Pili, maktaba zetu ziviwekee vitabu vya kabla ya 1902 kielekezi cha Kenya na cha Uganda kwa pamoja, ili mwanafunzi wa Malaba asipoteze siku mbili kwa ajili ya tarakimu moja. Tatu, nakala zilizosalia nzima zipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, pamoja na ramani na picha zake, kabla wembe haujazifikia.

Mwanafunzi niliyemtaja aliendelea na kazi yake kwa juzuu lenye mapengo. Katika tasnifu yake aliorodhesha kurasa zilizokatwa, moja baada ya nyingine, pamoja na yale ambayo orodha ya picha ya mwanzoni mwa kitabu yasema yalikuwapo. Orodha hiyo ya vilivyokosekana ndiyo sehemu ya tasnifu ambayo wazee wa kijijini kwao walimwomba awasomee mara mbili.